Magadi ya Mlima wa Mungu

Jikoni kwa mama yangu, Muheza, kulikuwa na kopo la Blue Band lililokaa peke yake juu ya kabati, mbali na chumvi na sukari, asije mtu akakosea. Ndani yake mlikuwa na magadi: mabonge meupe yaliyochafuka kidogo, kama chokaa iliyolowa ikakauka tena. Akipika maharage makavu au makande alimega kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, akakitupia sufuriani, povu likafura mpaka likainua mfuniko, na maharage yakalainika kabla mkaa haujaisha. Niliwahi kumwuliza magadi yanatoka wapi. "Sokoni," akasema. Jibu hilo lilinitosha mpaka nilipofikisha miaka ishirini na sita, ajira za ualimu zikatoka, na nikakuta nimepangiwa Engare Sero.

Sikujua ni wapi. Nilijua tu ni mkoa wa Arusha, na Arusha kwangu ilikuwa baridi, kwa hiyo nikanunua masweta mawili ya mtumba pale Tanga. Wanaopajua wameshaanza kucheka. Engare Sero iko chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, kando ya Ziwa Natron, kwenye kimo cha mita mia sita na kitu tu, na mchana jua linapiga mpaka mbuzi wanapanga foleni kwenye kivuli cha nguzo. Yale masweta niliishia kuyagawa.

Ilikuwa Januari 2007. Basi la Loliondo liliondoka Arusha alfajiri, likaiacha lami Mto wa Mbu, na kuanzia hapo ni vumbi: Selela, Engaruka, halafu tambarare ndefu isiyo na mti wa maana. Tulipoipita Engaruka mlima ukatokea mbele yetu, umesimama peke yake, umechongoka kama pia iliyopinduliwa, na kileleni una weupe unaoteremka kwa michirizi. Nikamgusa konda. "Kaka, kumbe theluji ipo na huku?" Konda alishaliona godoro langu na ndoo kule juu ya keria, akajua mimi ni nani. "Mwalimu, ile si theluji. Ile ni magadi."

Nikadhani ananitania kwa ugeni wangu.

Hakuwa ananitania. Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, una kimo cha kama mita 2,960, na ndiyo volkano pekee duniani ambayo watu wameishuhudia ikitoa lava ya aina hii, ambayo sehemu yake kubwa ni kaboneti za sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Kwa lugha ya jikoni kwa mama, ni magadi yaliyoyeyuka. Lava za kwingineko hutoka mara nyingi zikiwa na joto la nyuzi elfu na zaidi; hii hutoka na nyuzi 500 hadi 600, kwa hiyo mchana huioni ikiwaka. Ni nyeusi, nyepesi, inakimbia karibu kama maji. Ikipoa na kukutana na unyevu, ndani ya saa au siku chache inageuka kijivu, kisha nyeupe. Ndio ule weupe wa konda. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliitambua lava hiyo mwaka 1960, na madini mojawapo yaliyokutwa humo yakaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Sijakutana na kitabu cha shule ya msingi kinachowaambia watoto kwamba Mwalimu ana jiwe lake ndani ya volkano, kwa hiyo mimi huwaambia. Jiwe lenyewe halivumilii mvua, lakini lipo.

Watoto walinisahihisha mapema. Nilipofika kwenye mada ya volkano, darasa la tano, nilichora ubaoni mlima wenye mdomo, nikauwashia moto kwa chaki nyekundu, tena kwa ufundi, maana kuchora najua. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, wetu hauko hivyo. Wetu unatoa oili chafu." Machi ya mwaka uliotangulia lava ilikuwa imefurika kileleni ikashuka ubavu wa magharibi, na baba yake alikuwa upande huo na ng'ombe. Nikaifuta ile nyekundu. Mwingine akanionea huruma: "Usiku unaonekana mwekundu kidogo, Mwalimu. Kama mkaa unaotaka kuzimika."

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita Koko, bibi kwa Kimaasai, na mimi nikamwita hivyohivyo. Asubuhi ya kwanza nilimpa shikamoo ya pwani, yote na kupiga goti. Akaniangalia, akanifundisha: mimi niseme nini, yeye ajibu nini. "Takwenya." "Iko." Nikiisahau asubuhi, alikaa kimya mpaka nikumbuke. Kwake ndipo nilipoelewa kwamba pale magadi si kitu cha sokoni. Ukichota maji upande wa ziwani yanateleza vidoleni kana kwamba yameshatiwa sabuni, basi sote tulichota kwenye mto unaoshuka korongoni, maji baridi yasiyo na lawama. Ng'ombe walilamba udongo mweupe kama watoto wanavyolamba barafu. Wazee walisaga magadi wakachanganya kwenye ugoro. Na meno: ukanda huu wote wa milima ya volkano, mpaka Arumeru, una maji mengi yenye floridi nyingi, na mtoto aliyekulia hapo utamjua akicheka. Wapwani tunayaita meno ya Arusha. Nimeacha kusema hivyo tangu nifundishe watoto wanaofunika midomo kwa viganja wakipigwa picha.

Julai, shule zimeshafunguliwa, ardhi ikaanza kucheza.

Mwanzoni ni vitu vidogo, unajiuliza kama umepiga mwayo au nini. Halafu Jumanne tarehe 17, kwenye saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimekaa mlangoni napembua mchele, ungo uko mapajani. Nikaona mchele unatembea. Punje zinarukaruka zenyewe, zinajikusanya upande mmoja wa ungo, kama mtu asiyeonekana anapepeta. Nimeduwaa naangalia ungo, sauti ikafika, kama lori la mchanga linashusha mzigo nyuma ya nyumba. Koko alinivuta mkono nje. Sikujua bibi yule ana nguvu zile. Ukuta wa chumba changu ulipasuka kutoka dirishani hadi chini, ufa wa kuingiza daftari. Mbuzi wote walikuwa wamesimama kimya, wanatazama upande mmoja.

Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa kama 5.9. Nairobi watu walishuka kwenye maghorofa mbio. Kaka yangu wa Dar alisikia redioni, akapiga simu siku mbili bila kunipata, maana mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu kilikuwa na foleni. Tulilala nje majuma kadhaa. Matetemeko yaliendelea mengi, makubwa kwa madogo, hata watoto wakayafanyia mchezo: anayelisikia kwanza anapiga kelele, na anayedanganya anachukua zamu ya kuchota maji.

Jambo moja lilinichekesha baadaye. Kila mtu alikuwa anautazama Lengai, mchana na usiku, na Lengai umetulia. Kumbe kazi ilikuwa inafanyika chini ya Gelai, mlima jirani, mzee aliyezimika zamani. Wanasayansi walikuja kueleza kwamba magma ilijipenyeza huko chini kama kabari kwenye gogo, ikaipasua ardhi bila kutoka juu. Miteremko ya Gelai ikabaki na nyufa.

Lengai ulingoja Septemba. Tarehe 4, Jumanne tena; mpaka leo sipangi jambo la maana Jumanne. Nguzo ya moshi ilisimama juu ya kilele, kijivu cheupe, nene, ikapanda mpaka ikapata upepo, ikapinda kuelekea magharibi. Haukuwa tena ule mlima wa oili chafu. Mara hii ulikuwa unalipua majivu. Upepo wa huku huvuma zaidi kutoka mashariki, na hilo lilituokoa sisi tulio kaskazini; wenzetu wa Naiyobi, juu nyandani, ndio waliopokea mvua ya majivu. Familia zikahama na mifugo. Mbuzi akila jani lenye majivu yale anaharisha, na wapo waliopoteza mifugo ya kuhesabu kwa siku.

Kwetu yalifika siku upepo ulipogeuka. Asubuhi hiyo bati la shule lilikuwa na ukungu wa kijivu, na madawati yaliyo karibu na madirisha ukipitisha kidole unaandika jina. Watoto wakaandika majina. Mimi nililamba kidole. Usiniulize kwa nini, mwalimu wa sayansi mzima. Uchungu wa chumvichumvi, na utelezi ule ulimini: kopo la Blue Band la mama.

Milipuko iliendelea kwa vipindi hadi Aprili 2008. Ilipotulia mlima ulikuwa na sura nyingine. Weupe wa kileleni umekwisha, umefunikwa na kijivu. Na ile kasoko, kreta kama wanavyoiita waongozaji, ambayo zamani ilikuwa imejaa lava hadi mdomoni mpaka watu wanatembea juu yake, ikawa shimo lenye kina cha mita mia na zaidi.

Ndugu zangu wa Muheza waliniuliza kwa nini watu hawahami. Nilimpelekea Koko swali hilo, nikaona aibu nilipokuwa nalitafsiri. Alisema majivu yakishanyeshewa majani yanaota mafupi na matamu, na ng'ombe anayajua kuliko mwalimu. Ni kweli. Nyanda za majani mafupi za Serengeti, kule Ndutu ambako nyumbu huzaa kuanzia Januari hadi Machi, udongo wake ni majivu ya volkano hizi za mashariki, yaliyopeperushwa huko kwa maelfu ya miaka. Anayelipa nauli ya ndege kuja kuona ndama wa nyumbu anakuja kuona kazi ya Lengai, hata kama haujui kwa jina.

Nilihamishwa Tanga mwaka 2009. Mwaka 2011 nikaiona barabara yetu kwenye televisheni, imejaa magari ya wanaokwenda Samunge kupata kikombe cha Babu wa Loliondo, nikamwonyesha mume wangu kila kona iliyonitapisha. Sikuwa nimewahi kupanda mlima. Nimeishi miaka miwili chini yake na sikupanda. Kwanza ni uoga, halafu mlipuko, halafu mimba.

Mwaka jana Agosti nilirudi, nina miaka arobaini na ushee na goti moja bovu. Kampuni moja ya utalii, sitaitaja maana tumeshalumbana vya kutosha, ilipokea hela ya gari na kutupa gari lisilo na tairi la akiba. Pancha ilitukuta katikati ya Engaruka na mlima, saa nane mchana. Aliyekuja kutuokoa kwa pikipiki ni mwongozaji niliyekuwa nimewasiliana naye kwa simu. Akavua kofia ngumu. "Shikamoo, Mwalimu. Bado unachora na chaki nyekundu?"

Kijiji kimekua. Nyumba za kulala wageni zimejipanga, na minara ya simu imekinyang'anya kichuguu chetu kazi. Kuna mageti ya kulipia njiani. Lipa, tunza risiti, usibishane. Ziwa lile lile, na flamingo (kitabuni tunafundisha heroe, lakini sijasikia mtu akisema heroe akiwa amesimama mbele ya ndege wenyewe) bado wanatotoa huko katikati kwenye matope ya magadi, ambako fisi hathubutu kuingiza mguu. Karibu flamingo wote wa Afrika Mashariki wa ile jamii ya wadogo wa umbo wamezaliwa hapa. Na tafadhali, yale mnayotumiana kwenye simu kwamba Natron inageuza wanyama kuwa mawe papo hapo: hapana. Ndege aliyekufa akiangukia humo magadi yanamkausha na kumhifadhi, ndiyo hayo mnayoyaona pichani. Walio hai wanakula na kuzaa humohumo.

Nyayo sikuzijua nilipokuwa naishi pale, na inaniuma. Kando ya ziwa kuna zaidi ya nyayo 400 za binadamu, zimeganda kwenye tope la majivu ya Lengai. Watafiti waliandika mwaka 2016 kwamba zina umri wa kati ya miaka kama 5,760 na 19,000, lakini wa kwanza kuziona walikuwa wenyeji. Kundi moja lilikuwa linatembea pamoja, wengi wao wanawake. Nilivua kiatu nikaweka mguu wangu kando ya mmoja, pembeni, siyo juu yake. Sawasawa na wangu. Hata kidole kikubwa kimeachana na wenzake kama changu, cha mtu aliyekua peku.

Tulianza kupanda saa sita kasoro usiku, ili jua lisitukute ubavuni. Wale waliokwambia ni matembezi wamekudanganya. Kutoka chini hadi juu unapanda karibu mita elfu mbili kwa usiku mmoja, na Lengai hauna njia ya kuzungukazunguka. Unakwenda juu tu. Mwanzo ni nyasi na majivu laini, hatua mbili mbele moja nyuma. Kisha mifereji iliyochimbwa na mvua, myembamba, kuta zinakugusa mabega. Theluthi ya mwisho ni mwamba uliolala kwa mwinuko ambao nyumbani tungewekea ngazi. Nilipanda kwa mikono na magoti, na lile bovu likiwemo. Glavu za bustani nilizodharau kuzinunua ningezilipia mara tatu saa ile. Majivu yakikutana na jasho yanawasha, yanachoma pembe za macho na mipasuko ya midomo, na ukijifuta kwa mkono umeongeza.

Kijana wangu, yule mwongozaji wa pikipiki, alipanda mbele na kandambili za tairi, anaimba chini chini, kila baada ya muda anasema, "Polepole, Mwalimu, hauhami." Sehemu moja alinyamaza akasimama. Akasema tunapita mahali ambapo watu huomba. Wamaasai huja kwenye mlima huu kuomba mvua na kuombea watoto, wanatoa sadaka. Tukapita bila maneno, na mimi nikaomba langu.

Tulifika ukingoni saa kumi na mbili kasorobo. Ardhi ina joto ukikaa. Harufu ya kiberiti inakuja na kuondoka. Kwanza sikuona kitu, ila niliusikia mlima, na sikutegemea sauti ile. Nimekulia karibu na bahari, na utotoni tulipelekwa Pangani sikukuu. Chini ya shimo lile kulikuwa na mawimbi. Yanagonga, yanavuta pumzi, yanagonga tena. Kulipopambazuka nikaona kilindini kilima kidogo chenye kitundu, kinatema weusi unaong'aa kwa vipande, *pwa*, unatua pembeni na kutiririka mithili ya wino. Pembezoni mwa weusi ni kijivu, na mbali zaidi, kwenye miminiko ya zamani, weupe. Oili chafu. Yule mtoto wa nyuma alikuwa sahihi kila neno, na alikuwa amekaa kando yangu anamenya yai la kuchemsha.

Nyuma yetu kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya nyanda za magharibi, pembetatu kamili. Mashariki, Meru na Kilimanjaro juu ya mawingu. Nilitazama dakika chache, kisha nikarudi kulisikiliza shimo. Nilitaka kuokota kipande cheupe cha kumpelekea mama. Kijana akasema hapana, kwa heshima lakini hapana, vya mlimani vibaki mlimani. Kushuka sitakueleza, nilishuka zaidi kwa kukaa.

Koko bado yupo. Haoni vizuri siku hizi. "Takwenya, Koko." "Iko." Akanishika mikono, akagusa michubuko, akauliza kwa mkwe wake anayejua Kiswahili nimeona nini huko juu. Nikasema nimeona magadi yanachemka. Akacheka mpaka akakohoa, akamtuma mjukuu ndani, akaniletea bonge la kujaa kiganja, la ziwani siyo la mlimani, limefungwa kwenye kipande cha shuka.

Muheza nilifika Ijumaa. Mama siku hizi haoni haja ya kupika, nampikia mimi. Nikaloweka maharage usiku, asubuhi nikayabandika, nikamega kipande. Cha mama kilikuwa kama ukucha; mimi, kwa furaha, nilimega kama kidole gumba. Povu likafura likamwagika, likazima mkaa upande mmoja. Maharage yakaiva kabla sijamaliza kukuna nazi. Mama alionja, akaweka kijiko chini, akasema yana ladha ya sabuni. Nikamwambia yanatoka sokoni.